Wanaitikia "ndiyo mwalimu", karatasi za jaribio zinasema vingine

SWALI

Habari za kazi, walimu wa safu hii.

Ninafundisha Hisabati Kidato cha Kwanza katika shule ya kata mkoani Singida. Darasa lina wanafunzi 74, wanakaa watatu watatu kwenye dawati, na kitabu kimoja cha kiada kinasomwa na watu wanne au watano. Siku nyingi napata vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80.

Shida yangu ni ukimya. Nikiandika mfano ubaoni wananakili vizuri kabisa. Nikiuliza "Mmeelewa?" wote wanaitikia "Ndiyo mwalimu." Jaribio la mwisho wa wiki likija, zaidi ya nusu hawafiki alama 30 kwa 100. Nikimwita mmoja ubaoni anasimama anatazama chini, na akikosea wenzake wanacheka. Wanaonyoosha vidole ni wale wale sita, na msichana kati yao ni mmoja tu.

Wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili na sasa kila kitu ni Kiingereza. Wengine jedwali la kuzidisha hawalijui. Karibu wote wameingia wakiamini hesabu ni ya watu waliojaliwa. Mkuu wa shule anataka silabasi iishe, na mwakani wana upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili. Kuhusu ufundishaji shirikishi nimesikia sana, hata vikundi vya watu sita nimeviunda: kelele zilizidi, mmoja alifanya kazi, watano walitazama.

Nifanyeje ili wanafunzi hawa wafanye hisabati kwa akili zao wenyewe na waache kuiogopa?

Mwalimu wa Kidato cha Kwanza, Singida

JIBU

Mwalimu, pole na kazi. Umetaja mambo mengi, ila tunaona shina lake ni moja: wanafunzi wako hawana njia ya kujua kama jibu lao ni sahihi mpaka wewe uweke vema au kosa. Mtu wa namna hiyo akiitwa ubaoni lazima aogope, maana anabahatisha mbele ya watu 73. Ndiyo maana hatukushauri uanze na maneno ya kuwatia moyo. Wape kwanza njia ya kukagua jibu wenyewe, kisha panga kipindi ili kila mmoja alazimike kutoa jibu. Kujiamini kutafuata.

Swali la "Mmeelewa?" liache kuanzia kesho. Mtoto wa Kidato cha Kwanza hawezi kulijibu "hapana" mbele ya wenzake, na mara nyingi hajui kwamba hajaelewa. Uliza maswali ambayo makosa yake yanakueleza kitu. Anza na haya sita, kwenye nusu karatasi, kwa dakika 15, bila alama na bila kutangaza matokeo:

1. Jaza nafasi: 8 + 4 = ___ + 5
2. 3/4 + 2/5
3. Ipi kubwa: 0.35 au 0.5?
4. 10 − 3 + 4
5. −3 − 5
6. Tafuta x: 2x + 3 = 11

Usihesabu nani kapata ngapi. Panga karatasi katika marundo kwa aina ya kosa, swali kwa swali. Utakuta makosa hayakutawanyika ovyo. Yanajirudia, na kila moja lina sababu yake.

Katika swali la kwanza, anayeandika 12 ameizoea alama ya = kama amri ya "andika jibu hapa". Anayeandika 17 amejumlisha kila namba aliyoiona. Wote wawili hawajui kwamba pande mbili zinatakiwa kuwa na thamani sawa, na ukiwaingiza kwenye milinganyo hivyo hivyo, kanuni ya "hamisha upande wa pili, badili alama" watakariri bila kujua inatoka wapi. Hili ni kosa dogo kwa sura lakini linaharibu aljebra yote inayofuata. Kwa wiki mbili, anza kila kipindi na swali moja la aina hii: 9 + 6 = ___ + 7, halafu 20 − ___ = 8 + 5.

Anayeandika 0.35 kuwa kubwa ametazama 35 na 5 kama namba nzima. Mpe rula ya mita: 0.35 ya mita ni sentimita 35, 0.5 ya mita ni sentimita 50. Hapo hakuna zaidi ya kusema.

Swali la nne linatokana na MAGAZIJUTO, kifupi cha Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Wengi wameikariri kama ngazi ya hatua tano, kwa hiyo wanaona kujumlisha lazima kutangulie kutoa: 3 + 4 ni 7, kisha 10 − 7 ni 3. Jibu sahihi ni 11. Waambie wazi kwamba JU na TO ni ngazi moja, na unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kukagua ni rahisi: una shilingi 10, unatumia 3, unapewa 4, huwezi kubakiwa na 3.

Sehemu na namba hasi ndizo zitakazokupa marundo makubwa, na hapo tunakuomba usiwe na haraka.

Anayeandika 3/4 + 2/5 = 5/9 amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Usimwambie tu "tafuta KDS", yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Mwonyeshe kwanza kwamba jibu lake haliwezekani: 5/9 inazidi nusu kidogo tu, na 3/4 peke yake tayari ni kubwa kuliko hapo. Umeongeza kitu, umepata kidogo kuliko ulichoanza nacho! Akiliona hilo kwa macho yake atakuwa na hamu ya kujua kinachotakiwa. Sasa wachore mistatili miwili iliyo sawa, kila mmoja wenye safu 4 za mlalo na safu 5 za wima, yaani miraba 20. Kwenye wa kwanza wapake safu 3 za mlalo kati ya 4: miraba 15. Kwenye wa pili wapake safu 2 za wima kati ya 5: miraba 8. Jumla ni miraba 23, na mstatili mzima una 20, hivyo jibu ni 23/20, yaani 1 na 3/20. Namba 20 waliyoipata kwa kuchora ndiyo KDS ya 4 na 5.

Kinachoharibika hapa ni mistatili isiyolingana. Mwanafunzi akichora mmoja mkubwa na mwingine mdogo, miraba ya huku haina ukubwa wa miraba ya kule na hesabu haina maana. Agiza vipimo: sentimita 4 kwa 5, mraba wa sentimita moja. Baadaye wape 1/6 + 3/8. Mstatili wa 6 kwa 8 una miraba 48. Watapata 8 + 18, yaani 26/48, ambayo inarahisishwa kuwa 13/24. Hapo waulize kwa nini miraba 24 ingetosha. Swali hilo ndilo linalotenganisha anayejua KDS na anayezidisha asili mbili kwa mazoea.

Kwa namba hasi, agiza kila mwanafunzi alete vizibo 8 vya soda au vya chupa za maji; dawati la watatu litakuwa na 24. Kizibo kilichotazama juu ni chanya moja, kilichopinduliwa ni hasi moja, na kimoja cha kila aina vikikaa pamoja ni sifuri. Sasa fanya −3 − 5. Weka vizibo vitatu vilivyopinduliwa. Unatakiwa uondoe chanya 5, nawe huna hata moja. Ongeza jozi 5 za sifuri: thamani haijabadilika, ila sasa chanya 5 zipo. Ziondoe. Vimebaki vilivyopinduliwa 8, yaani −8. Aliyeandika 8 alichukua "hasi na hasi ni chanya" kutoka kwenye kuzidisha akaileta mahali isipohusika. Sasa ana ushahidi mezani. Njia hiyo hiyo inaeleza 4 − (−3): weka chanya 4, ongeza jozi 3, ondoa hasi 3, zimebaki chanya 7.

Hitilafu ya kawaida ni mwanafunzi kuongeza jozi kisha kuiondoa yote, akarudi alikoanzia. Mwambie aseme kwa sauti anachoondoa kabla hajagusa kizibo. Na vizibo visikae mezani mwezi mzima: vipindi viwili au vitatu, kisha wachore duara tupu na duara lililojazwa kwenye daftari, kisha alama peke yake. Ukiruka hatua ya kuchora, watarudi kukariri. Ukiwaachia vizibo muda mrefu, wataduwaa siku ya mtihani.

Viberiti vitupu viwili kwa dawati vinatosha kwa mlinganyo wa 2x + 3 = 11. Kabla ya kipindi mwombe mwanafunzi mmoja wa kila dawati aweke vizibo 4 ndani ya kila kiberiti bila kuwaonyesha wenzake. Upande wa kushoto wa daftari wapange viberiti viwili na vizibo 3, upande wa kulia vizibo 11. Wanatoa 3 kila upande. Vimebaki viberiti 2 dhidi ya vizibo 8. Kila kiberiti kinapata 4. Halafu wafungue. Kitendo cha kufungua ndicho baadaye kinakuwa kurudisha thamani ya x kwenye mlinganyo: 2 × 4 + 3 = 11. Dai hatua hii kila mara, hata katika jaribio, na uipe alama. Mwanafunzi aliyerudisha thamani na kupata 11 hahitaji kukutazama usoni kujua kama amepata.

Sasa utaratibu wa darasa. Kosa la walimu wengi ni kuuliza, kumtaja mtu, na kungoja jibu papo hapo. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970, alikuta walimu wengi wakisubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijibu. Kwa darasa lako lenye lugha mbili, sekunde 3 ni chache. Fuata mpangilio huu: swali liko ubaoni, dakika 2 kila mmoja anaandika peke yake kimya, dakika 1 au 2 ananong'ona na jirani, kisha wote wanaonyesha jibu kwa vidole kifuani kwa wakati mmoja, kidole kimoja kwa jibu A, viwili kwa B, vitatu kwa C. Unasoma watu 74 kwa sekunde 10. Ndipo unamwita mtu. Mpangilio huu ukiugeuza, ukamwita kabla hajaandika na kunong'ona, unamrudisha kwenye hofu ile ile.

Namna ya kumwita: weka kwenye kopo vijiti 74 vyenye namba za mahudhurio, uchomoe kimoja. Wale sita hawatatawala tena, na hakuna atakayedhani umemwonea. Anayeitwa aruhusiwe kusema mojawapo ya mambo matatu: jibu na sababu yake, "nimefika hatua hii", au "jirani yangu na mimi tumetofautiana hapa". "Sijui" peke yake isikubaliwe, kwa sababu ameshaandika kitu na ameshazungumza na mtu. Wasichana wako wasionyoosha vidole watafaidika sana na hili, maana wanaposimama wanasema kitu ambacho mwenzao mmoja ameshakisikia na kukikubali.

Kuhusu kucheka, kukemea hakutoshi. Fanya kosa lisiwe na mwenyewe. Unapozunguka wakati wa kuandika, okota majibu mawili au matatu tofauti, yaandike ubaoni bila majina, la sahihi likiwemo, na uliza: "Aliyepata hili alifikiri nini?" Darasa likizoea kwamba kila siku kuna kosa la kuchambua ubaoni, mtu akikosea anakuwa amewaletea kazi. Na tuseme wazi: kosa la hesabu si kosa la nidhamu. Fimbo kwa aliyekosa swali inamfundisha jambo moja, kunakili kwa jirani kabla hujafika kwenye dawati lake.

Vikundi vyako vilishindwa kwa sababu ya ukubwa. Watu sita na swali moja, watatu hawana la kufanya. Tumia dawati kama lilivyo: mmoja anasema hatua, mmoja anaandika anachoambiwa, mmoja anakagua. Anayesema hashiki kalamu, anayeandika haamui. Wape maswali matatu yanayofanana na wabadilishane kila swali, ili kila mmoja apite nafasi zote. Kinachoshindikana zaidi ni mwanafunzi hodari kunyang'anya kalamu, kwa hiyo siku za mwanzo zungukia hilo tu. Usimweke msichana mmoja kati ya wavulana wawili. Mara nyingi anaishia kuwa mwandishi wa kudumu. Kelele za kubishana kuhusu swali zivumilie, na muwe na ishara moja ya kunyamaza, kama mkono wako juu.

Lugha: waache wajadili kwa Kiswahili na waandike kwa Kiingereza. Ukilazimisha Kiingereza wakati bado wanatafuta wazo, unapima lugha, hesabu hujaigusa. Weka ukutani istilahi 5 kila wiki, Kiingereza na Kiswahili chake vikiwa pamoja: kiasi, asili, kigawe, kigawo, mlinganyo. Ongeza vitenzi vya mtihani kama "simplify", "evaluate" na "solve", kwa sababu wengi wanakosa swali wanaloliweza kwa kutojua wameamriwa nini. Swali la maneno lisomwe kwa sauti, kisha mmoja alieleze kwa Kiswahili bila kutaja namba hata moja. Akiweza hivyo, ameelewa hali iliyomo. Asipoweza, atajumlisha namba zilizopo na kuomba Mungu.

Jedwali la kuzidisha lisikusimamishe. Libandike ukutani na uruhusu litumike wakati unafundisha sehemu au aljebra, ila fanya mazoezi yake dakika 5 kila siku. Waonyeshe kwanza kazi iliyobaki ni ndogo kiasi gani. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100. Kwa kuwa 7 × 8 ni sawa na 8 × 7, yanabaki 55. Ukiondoa yanayohusu 1, 2, 5 na 10, ambayo karibu wote wanayajua, yanabaki 21. Mtoto aliyejihesabu kuwa mjinga wa jedwali anabakiwa na mambo 21, na kwa mawili kila siku ya shule anayamaliza katika wiki mbili na siku moja.

Silabasi inahitaji jibu la kweli, kwa sababu mkuu wako hana kosa kuidai. Muda unaupata kwa kupunguza kunakili. Mfano mmoja uliokamilika ubaoni unatosha. Wa pili uandike bila hatua ya mwisho, waimalizie wao. Wa tatu bila hatua mbili za mwisho. Wa nne wafanye wote peke yao. Katika dakika 80, dakika 10 za kwanza ziwe za maswali manne ya kumbukumbu: moja la jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Usiyatoe dhabihu hata ukichelewa. Mada iliyofundishwa mwezi wa pili ikaguswa tena mwezi wa kumi na moja, unaifundisha upya.

Madaftari 74 kila siku hayasahihishiki, na ukijilazimisha utaweka vema bila kusoma. Dakika 5 za mwisho toa swali moja kwenye kipande cha karatasi, wakupe wakitoka mlangoni. Panga marundo matatu: wamepata, wameteleza mahali padogo, hawajaingia kabisa. Usiandike alama. Rundo la tatu likizidi karatasi 25, kesho unaanza na mada hiyo hiyo kwa njia nyingine. Likiwa dogo, endelea, na wahusika uwapitie wakati wengine wanaandika kimya.

Baada ya wiki sita rudia yale maswali sita kwa namba nyingine: 7 + 6 = ___ + 4, 2/3 + 1/4, 0.4 na 0.27, 15 − 6 + 2, −4 − 2, na 3x + 5 = 17. Panga marundo kama mwanzo na uyalinganishe na ya kwanza. Usishangae rundo la sehemu kupungua taratibu kuliko mengine, maana kosa hilo wamelifanya tangu shule ya msingi. Waliobaki humo wape dakika 20 baada ya masomo, mara mbili kwa wiki, kwa mistatili na rula, wasizidi 12 kwa awamu moja. Wakizidi hapo hutapata nafasi ya kumsikiliza kila mmoja akieleza mchoro wake.